Maswali Ishirini ya Mama Amandine

Mama Amandine alikuwa ametumbukiza miguu yote miwili katika beseni la maji moto ya chumvi, na Candide amechuchumaa mbele yake, mkono mmoja unasugua visigino, mkono wa pili umeshika kitabu cha mtihani wa uraia. Ndivyo walivyosoma tangu Januari. Mwenye mtihani alikaa kitini, na asiye na mtihani ndiye aliyeshika kitabu.

"Swali," alisema Candide. "Utumwa ulifutwa mwaka gani katika himaya ya Waingereza?"

"Elfu moja mia tisa..."

"Mia nane."

"Mia nane! Mimi nimesema mia nane. Endelea."

"Thelathini na tatu."

"Njo hiyo nilikuwa nataka kusema. Sugua pale karibu ya kidole, pananiuma."

Candide akasugua. Kitabu chenyewe kilikuwa cha Kifaransa, maana Mama Amandine alijaza kwenye fomu kwamba hiyo ndiyo lugha yake. Alijaza kwa ajili ya heshima tu, kwani kule Uvira yeye na Kifaransa waliachana darasa la nne na hawakuwahi kurudiana. Candide, Mrundi wa Rumonge, alikifuata mpaka sekondari kabla vita havijamtupa kambini Kigoma. Binti mkubwa wa nyumba, Amandine mwenyewe, angeweza kumsomea mama yake, lakini kila akiitwa kwa Kiswahili alijibu kwa Kiingereza kwamba ana kazi ya shule, kisha mlango ukafungwa. Baba wa nyumba, Pascal, aliendesha lori la masafa marefu, na akiwa nyumbani alilala. Basi kitabu kikaangukia kwa Candide kama vilivyomwangukia vyombo, nguo, mapacha wadogo wa nyumba na kutwanga sombe, yaani majani ya mhogo.

"Mama Amandine," akauliza, "huyo mtumwa hasa alikuwa mtu wa namna gani? Kitabu hakielezi vizuri."

Mama Amandine alipenda sana kuulizwa. Kanisani alikuwa shemasi wa akina mama, lakini katika nyumba ya wazee alikofanya kazi ya kuogesha watu, hakuna aliyemuuliza kitu siku nzima zaidi ya choo kiko wapi.

"Mutumwa? Ah, ile ilikuwa mambo ya huruma. Mutumwa ni mutu anatumika kwa nyumba ya wengine, asubui mpaka usiku, hapana mushahara."

"Hata kidogo?"

"Wanamupatia chakula tu, na manguo ile imechakaa. Na hawezi kutoka kwenda fasi anataka. Na papier zake zote ziko kwa bwana."

"Na siku ya kupumzika?"

"Kupumzika ya wapi, weye nawe! Batu walikuwa na roho mubaya wakati ule." Akatikisa kichwa, na machozi yakamlengalenga kwelikweli, kwa maana roho yake haikuwa ya jiwe. "Asante Mungu ile mambo iliisha. Mayi imepoa, mudogo wangu, niongezee."

Candide akanyanyuka. Gauni alilovaa lilikuwa la Mama Amandine, la miaka mitatu nyuma, limepauka makwapani. Alibandika birika, likachemka, likapiga mluzi mpaka likachoka, naye amesimama tu anahesabu kwa vidole: mshahara, nguo, kutoka, karatasi, mapumziko. Alihesabu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alidhani amekosea.

*

Kila mtu ana mpaka wake. Wa Candide ulifika shule ya mapacha, ng'ambo ya maegesho ya magari, ukafika kanisani siku ya Jumapili ndani ya gari la Pascal, na ukashuka mpaka chumba cha kufulia chini kabisa ya jengo. Kupita hapo, alielezwa na Mama Amandine, mdhamini wake, siku ile ile aliyofika mtaa wa Flemingdon Park, ni hatari. Mtu aliyedhaminiwa akikutwa peke yake bila mdhamini wake, hurudishwa kambini kwa ndege ya jioni.

Miaka minne Candide aliiogopa hiyo ndege ya jioni. Kutoka dirisha la ghorofa ya kumi na moja aliyatazama mabasi yakipanda kuelekea Eglinton, yamejaa wanawake weusi kama yeye wenye mikoba begani, na kila mara alijiuliza wadhamini wao wamekaa viti gani.

Katika chumba cha kufulia alikuwa na rafiki mmoja, Bibi Shenaz wa ghorofa ya tatu, mjane wa Kiismailia mzaliwa wa Mwanza. Kila Jumanne bibi huyu alishuka na leso tatu za kufua. Leso zenyewe zilikuwa safi. Alichokifuata kule chini ni Kiswahili.

"Mwanangu, hilo gauni mbona linakupwaya? Umekonda ama umeazima?"

"Bibi, nikuulize," Candide akasema bila hata salamu. "Mtu akidhaminiwa, anadhaminiwa miaka mingapi?"

"Mmoja. Jumuiya yetu ilidhamini familia mbili, mimi nilikuwa kwenye kamati, nikapika biriani mpaka mkono ukateguka. Mwaka mmoja tu, halafu kila mtu na njia yake. Kwani wewe una mingapi?"

"Minne."

Bibi Shenaz akaacha kukunja leso. "Na kadi yako ya ukaazi unayo?"

"Anaitunza Mama Amandine. Alisema kadi ni ya yule aliyetia sahihi."

"Ina picha ya nani?"

"Yangu."

"Na jina?"

"Langu."

"Na yeye yumo? Hata pembeni? Hata anachungulia begani kwako?"

Candide akacheka, na kicheko kikamkwama katikati. "Hayumo, bibi."

"Basi!"

"Lakini hanipigi. Tunakula sahani moja. Ananiita mdogo wangu."

Hapo Bibi Shenaz akazikusanya leso zake. Akakaa juu ya benchi, leso mapajani.

"Kwetu Mwanza tulikuwa na Minza," akasema. "Alinilea tangu nina siku saba. Alilala jikoni kwenye mkeka, na mama yangu akiwaambia wageni, huyu ni mtu wa nyumbani. Tulipohama tulimwachia cherehani mbovu, tukalia wote. Miaka hamsini namsimulia kwa mapenzi, mwanangu, na mpaka leo jina la baba yake silijui. Biriani yetu aliipika kila Ijumaa, sijui hata kama aliipenda."

Mashine zikazunguka. Candide akamshika mkono.

"Sasa sikiliza," bibi akasema, akipangusa pua kwa leso aliyotoka kuifua. "Mpwa wangu Reena ana duka la kurekebisha nguo pale Don Mills. Fundi wake anaondoka. Wewe uliniambia una mkono wa cherehani."

"Kambini nilishona sare za shule nzima."

"Ijumaa saa nane mchana twende. Lakini njoo na kadi, bila kadi hawezi kukuandika kazi, na wa pili anayeitaka ameshajitokeza. Chumba changu cha pili kimejaa masanduku ya marehemu. Masanduku hayazungumzi na mtu. Yatahama, uingie wewe."

*

Jumatano Pascal alikuwa nyumbani. Candide alisubiri mpaka amewapakulia wote, ugali umekaa vizuri na samaki wamepata ndimu, ndipo akasema, "Mama Amandine, naomba kadi yangu."

"Kadi gani?"

"Ya ukaazi. Nataka niione."

"Kuiona! Umesahau sura yako? Kioo iko kwa bafuni."

Pascal alicheka mpaka tonge likampalia, ikabidi Candide mwenyewe amgonge mgongoni. Amandine aliinua macho kutoka kwenye simu, akamtazama Candide, akamtazama mama yake, akarudi kwenye simu. Mama Amandine hakucheka. Aliweka mikono mezani na kuanza kulia taratibu, kilio cha mtu aliyefiwa.

"Nilikutoa kambini. Nilifunga na kuomba siku kumi na ine juu yako. Sasa unaniomba papier kama mimi polisi? Nimekukosea nini, Candide?"

"Candide," Pascal akaingilia, sauti ya upatanishi. "Siye tuko familia. Kwa familia batu hawaombane papier."

"Mbona wewe, shemeji, yako unayo mfukoni?"

Pascal akautazama mfuko wa shati lake kana kwamba umemsaliti. "Mimi naendesha lori," akasema.

Candide akaomba msamaha. Aliomba kwa sababu mdomo ulishazoea, ulitangulia kabla hajautuma. Lakini alipokuwa anaondoa sahani alisikia hasira ikimpanda, hasira safi ya mtu mzima wa miaka arobaini na moja aliyeambiwa akajitazame kwenye kioo, naye hakuifukuza.

"Tutaongea kiisha mutihani," Mama Amandine akasema, ameshakausha uso. "Mimi nikipita, ni siye wote tumepita."

Na kupita kwenyewe kulikuwa kwa mashaka. Alhamisi walijaribu maswali ishirini, akapata manane. Kumi na tano ndiyo yalihitajika. Mama Amandine alizunguka sebuleni akimwita Bwana, kisha akasimama ghafla mbele ya jiko, uso umeng'aa.

"Mungu amenionyesha!"

Alichoonyeshwa ni hiki. Mtihani ungefanywa pale pale nyumbani, kwenye kompyuta, na kamera ikimtazama usoni. Kamera ingeona uso wa Mama Amandine na ukuta wa nyuma yake, jikoni isingeona. Yeye angesoma swali kwa sauti, polepole, kama mtu anayesali. Candide angekuwa jikoni anapika, kama mtu yeyote anayepika. Jibu likiwa la kwanza, agonge sufuria kwa mwiko mara moja. La pili, mara mbili. Mpaka la nne.

"Hiyo si wizi?" Candide akauliza.

"Wizi ya nini? Mimi nasoma, weye unapika. Kuna sheria inakataza batu kupika?"

Candide alifikiri. Ndani ya kitabu hakuikumbuka.

*

Ijumaa saa nne asubuhi Mama Amandine aliketi mbele ya kompyuta amevaa kitenge cha akina mama wa kanisa na kilemba kirefu kama mnara, kwa kuwa serikali ingemtazama. Pascal alikuwa njiani kuelekea Winnipeg, watoto wako shule. Jikoni sombe ilichemka. Candide alisimama na mwiko mkononi, na kabla tu ya mtihani alikuwa ameteremsha nguo zake mbili kwenye mashine moja ya kule chini, na mashuka ya nyumba kwenye nyingine.

Swali la kwanza likasomwa, Kifaransa chake kikichechemea. Mwiko: ko, ko. La pili: ko. La tatu: ko, ko, ko, ko. Kazi ikanoga. Kwenye la sita Candide alikung'uta mwiko ukingoni, bila kukusudia, na Mama Amandine akalihesabu pigo hilo kama jibu, mkuu wa nchi akawa mtu mwingine kabisa. Lakini la saba, la nane na la tisa yalikwenda sawa.

Likaja la kumi. Mama Amandine alisoma: raia, au mkaazi wa kudumu, ana haki ya kuishi na kufanya kazi wapi? La kwanza, katika mkoa aliofikia tu. La pili, pale alipo mdhamini wake. La tatu, popote atakapo katika nchi. La nne, pale polisi watakapomruhusu.

Mwiko haukugonga.

Candide hakuwa amepanga, na niseme ukweli, yeye mwenyewe alishangaa. Mkono ulikuwa juu, sufuria iko chini, na katikati yao miaka minne. Jibu alilijua. Alilifundisha mwenyewe, jioni baada ya jioni, amepiga magoti mbele ya beseni.

Mama Amandine akasoma tena, kwa sauti zaidi. Kimya. Akasoma mara ya tatu. Sombe peke yake ndiyo iliyojibu, puku puku. Ndipo Candide akatokea mlangoni mwa jikoni, nyuma ya kompyuta, mahali ambapo Mama Amandine alimwona na serikali haikumwona.

"Kadi yangu iko wapi?"

Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Mama Amandine angetaka kupiga kelele, lakini kamera inamtazama. Angetaka kusimama, lakini kusimama kumekatazwa. Aliamini pia kwamba kompyuta inasikia, na kwamba serikali haikosi mtu wa Bukavu wa kuitafsiria. Kwa hiyo akafanya analofanya kila shemasi akibanwa: akatabasamu, akafumba jicho moja, akaanza kuimba kwa sauti ya kuabudu.

"Candide eee, hii si saa yake, haleluya! Saa inakimbia, Bwana, inakimbiaaa!"

"Iko wapi, Mama Amandine?"

Saa ya kwenye kioo cha kompyuta ilionyesha zimebaki dakika ishirini na sita. Jasho lilishuka kutoka chini ya kilemba likamfika kwenye nyusi.

"Iko kwa congélateur, Yesu weee! Chini ya sombe, chini kabisa! Kwa boksi ya crème glacée, amina, ameeen!"

Candide alikwenda kwenye lile friza kubwa la baridi kali lililokaa nyuma ya mlango. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama mpaka kiunoni. Akatoa mifuko ya sombe mmoja mmoja, na kila mfuko aliutambua. Huu wa Machi. Huu wa Krismasi. Yote aliitwanga yeye, akaifunga yeye, akaipanga yeye, kila mwezi kwa miaka minne akiizika kadi yake mwenyewe kwa mikono yake. Angelia, lakini vidole vilikuwa vinaganda.

Boksi lilikuwa la aiskrimu ya vanila. Ndani, katika mfuko wa nailoni, zilikuwamo hereni za harusi za Mama Amandine, vyeti vya kuzaliwa vya mapacha, na kadi. Alichukua kilicho chake, vingine akavifunika vizuri. Akaipulizia kadi pumzi mpaka barafu ikatoka, na kutoka chini ya barafu pichani akatokea mwanamke mnene kidogo, mwenye macho ya mtu aliyesafiri siku tatu, na jina lake lote liko pembeni yake. Candide alimpenda yule mwanamke papo hapo.

Sebuleni wimbo ulikuwa umefika kwenye pambio. "Tatu ao ine, ee Mwokozi? Tatu ao ineee?"

Candide alizima jiko. Akavua aproni, akavaa koti, akaulaza mwiko mezani kando ya kompyuta, mahali kamera haioni.

"Hili nilikusomea tangu Januari," akasema kwa upole. "Unalijua. Jibu mwenyewe."

*

Bibi Shenaz alikuwa ameshavaa koti na viatu vya kutokea, ameketi kwenye benchi la chumba cha kufulia, mkoba mapajani, saa tatu nzima kabla ya wakati. Alipoiona kadi aliishika, akaigeuza mbele na nyuma kama mtu anayekagua embe sokoni.

"Kwa nini ya baridi hivi?"

"Nitakusimulia kwenye basi."

Candide alizitoa nguo zake mbili, akazikunja, akazitia katika mfuko wa kubebea. Alikuwa anafunga mfuko huo wakati mlango uliposukumwa, na kilemba kikaingia kwanza, kikifuatwa na Mama Amandine katika kandambili, simu mkononi, anahema.

"Kumi na tano! Candide, kumi na tano juu ya ishirini! Nimepita!"

Alimrukia akamkumbatia, akamyumbisha huku na huku, na Candide akafurahi. Hakutegemea, lakini alifurahi kwelikweli, kama mwalimu.

"Hongera, Mama Amandine."

"Hongera yetu! Panda juu, nimekwisha kumwita pasta wa kanisa, batu wanakuja, tupike..." Macho yake yakaangukia kwenye mfuko. Yakapanda mpaka kwenye koti, yakaenda kwa Bibi Shenaz na viatu vyake vya kutokea. "Unaenda wapi?"

"Lile swali la kumi," Candide akasema. "Ulijibu nini?"

Mama Amandine akaitazama mashine. Akayatazama mabomba ya darini. Bibi Shenaz akajikohoza.

"La tatu," akasema mwishowe, sauti ndogo.

"Linasemaje?"

"Popote atakapo."

"Umejibu vizuri," akasema Candide, kama alivyosema kila jioni tangu Januari.

"Candide, mimi sikukuona vile." Akainua mkono wa kuapa. "Mbele ya Mungu. Mimi nilikuona mudogo wangu."

"Najua."

Na alijua. Lilikuwa jambo la kweli, na halikubadilisha kitu. Akaning'iniza mfuko begani kama wale wanawake wa basini.

Mashine ya pili ikasimama, ikalia kumwita mwenye mashuka. Mama Amandine akaifuata, kwa vile alitaka mahali pa kuficha uso. Akavuta kifuniko, hakikufunguka. Akabonyeza kitufe kimoja, mashine ikalia zaidi. Akabonyeza vyote. Miaka minne katika jengo lile, na kule chini hakuwahi kukanyaga.

"Hii kitu inafunguka namna gani?" akauliza, bila kugeuka.

Mkono wa Candide uliinuka wenyewe. Akauona unavyoinuka, akaurudisha mfukoni mwa koti, kadi ilimokuwa bado ya baridi.

"Soma, Mama Amandine," akasema. "Imeandikwa hapo hapo juu ya kifuniko. Kwa Kifaransa."